Mninga, paina au chuma? Jibu kwa dada anayetafuta mlango wa mbele, Isyesye Mbeya

*"Habari fundi. Mimi na mume wangu tunajenga Isyesye hapa Mbeya, nyumba imeshapauliwa, madirisha tayari, imebaki milango. Kule tulikopanga mlango wa mbele ulikuwa wa paina, mvua zikianza tu unavimba mpaka tunausukuma kwa bega, kiangazi unaachia nyufa unaona nje, na mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia kwa chini hadi tunaziba na blanketi. Sasa mume wangu anataka ule wa chuma wa dukani uliopakwa rangi ya mbao, anasema hauvimbi na mwizi hauwezi. Fundi wetu anasema tuweke mninga wa milango miwili, bei yake ni kubwa, na anasema kama hela haitoshi tuchukue paina ya dawa, eti mbao ikishapigwa dawa haipindi tena. Mlango unaangalia upande ambao mvua inakuja na upepo, baraza hatuna, bati limezidi ukuta kama futi moja na nusu tu. Tuchukue upi?"*

Dada yangu, hongereni kwa kufika hapo, najua hatua ya milango inakuta mfuko umeshachoka. Swali lako limebeba mambo matatu, kuvimba, baridi na wizi, na nyote mnatafuta aina moja ya mlango iyatibu yote kwa mpigo. Haipo. Shemeji ana hoja, fundi ana hoja, lakini mimi ningeanza na kile ulichokitaja mwishoni kabisa kama kitu kidogo, hiyo futi moja na nusu ya bati. Mlango wowote mtakaonunua, uwe mninga uwe chuma, ukipigwa mvua ya upepo kuanzia Novemba mpaka Aprili alafu ukachomwa na jua la kiangazi, utaharibika. Ntarudi hapo, kwanza tuelewane kwa nini ule wa nyumba ya kupanga ulikuwa unavimba, maana ukishaelewa hilo hata fundi akija na maneno yake utajua lipi ni kweli.

Mbao hata ikishakatwa, ikapigwa randa na vanishi, bado inapokea na kutoa unyevu wa hewani miaka yote. Imejengwa kama furushi la mirija midogo iliyolala kufuata urefu wa mti. Ikipata unyevu kuta za hiyo mirija zinanenepa, kwaiyo mbao inaongezeka upana, urefu wake hauongezeki karibu chochote. Ndo maana mlango unabana kwa pembeni, upande wa kitasa, na mara chache sana unabana juu. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji mengi kuliko uzito wa mbao yenyewe, yakianza kukauka mwanzoni haisinyai, inasinyaa pale unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, na hapo ndipo vurugu inapoanza kwa sababu haisinyai sawasawa, upande unaofuata duara la mti unasinyaa karibu mara mbili ya upande unaotoka katikati kwenda nje. Ukiona ubao umejikunja kama kigae, hiyo ndo sababu.

Sasa tuweke namba. Kwa paina, kila unyevu wa mbao ukipanda asilimia moja, upana unaongezeka kama robo ya asilimia. Huku kwetu Nyanda za Juu tofauti ya mwezi wa kumi na mwezi wa pili ni kubwa, hewa inatoka kukauka kabisa hadi kuloa, unyevu wa mbao isiyolindwa unaweza kupanda asilimia sita bila shida. Mlango wa sentimita 90 uliotengenezwa kwa mbao zilizopangwa wima zikagundishwa na kupigwa misumari, unaweza kutanuka zaidi ya sentimita nzima. Nafasi ambayo fundi anaacha pembeni ni milimita tatu tatu. Lazima mtumie bega!

Mlango wa paneli uliotengenezwa vizuri unakwepa hilo, na ni akili ya zamani sana ya useremala. Unakuwa na mbao mbili za kusimama pembeni, mbao za kulala juu, katikati na chini, zimeungwa kwa ulimi unaoingia kwenye tundu, alafu paneli zinakaa katikati ndani ya mfereji. Mbao za kulala urefu wake ndo unafuata upana wa mlango, na tumesema urefu hautembei, kwaiyo kinachotanuka ni zile mbili za kusimama tu, za sentimita 12 kila moja, jumla yake haizidi milimita nne hata mvua ikikolea. Paneli yenyewe inatanuka pia ila inatanukia ndani ya mfereji wake, haisukumi mtu. Sharti ni moja, paneli isiwekwe gundi wala msumari. Mafundi wengi wanaipiga gundi pande zote wakidhani wanaimarisha, kiangazi ikija paneli inataka kusinyaa, imeshikwa, inapasuka katikati. Nenda karakana yoyote ukaangalie mlango kabla haujapigwa vanishi, shika paneli kwa viganja viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, uisukume huku na huku. Ikicheza kidogo, hata unywele, huyo fundi anajua kazi. Ikiwa imekaza kama ukuta muulize kaifunga na nini.

Kuhusu paina ya dawa, fundi wako hapo amepotoka na naomba mumwambie kwa upole. Dawa inayopigwa kwenye mbao za kupaulia inazuia mchwa, bungua na kuoza, inafanya kazi hiyo vizuri sana. Haizuii kuvimba, haizuii kupinda, kazi yake sio hiyo. Tena dawa inaingizwa ikiwa kwenye maji, kwaiyo mbao ikitoka kiwandani imeloa upya, mtu akiinunua wiki hiyo hiyo akatengeneza mlango amejitafutia balaa. Na vumbi lake wakati wa kupiga randa na msasa sio la kuvuta, ina kemikali kali, mabaki yake yasitumike kupikia wala kuchomea mahindi.

Mninga ni mbao nzuri, sina ubishi. Unatembea kidogo sana ukilinganisha na paina, mchwa wanausumbua kidogo, unapigika randa vizuri na rangi yake wote tunaijua. Ila sifa hizo ni za moyo wa mti, ile sehemu ya kahawia. Ule ukingo mweupe unaoelekea njano ni chakula cha bungua, na siku hizi miti minene imepungua kwaiyo mbao nyingi zinakuja na ukingo huo, fundi anaupaka rangi ukafanana. Mwambie mbao mnaziona kabla ya vanishi. Alafu mninga mbichi nao unapinda, jina peke yake halikaushi mbao. Na kwa kuwa ni mti wa asili muuzaji awe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, akianza kuzunguka zunguka ukimuuliza, achana naye, mzigo ukikamatwa mnapoteza mbao na hela. Mkongo nao ni mgumu na mtulivu, ukipatikana mkavu msiudharau.

Hapo kwenye ukavu ndo nataka mtumie muda kuliko popote. Mwenye mbao atakwambia zina miezi sita, zimekauka, na kweli juu zinaonekana kavu, ndani ni maji. Fanya hivi. Muombe akate kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, usikubali cha mwisho maana ncha hukauka mapema. Kipande cha upana wa vidole viwili kinatosha. Kipeleke dukani kwenye mzani wa digitali, andika uzito. Kiweke karibu na jiko, pale kwenye joto lakini kisiungue, kila siku kipime tena mpaka uzito ugome kushuka. Chukua uzito wa kwanza toa wa mwisho, jibu gawa kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Mfano kilikuwa gramu 570 kimegoma kwenye 500, ni asilimia 14, hiyo mbao chukua. Kikiwa kilianza na gramu 650, ni asilimia 30, hiyo hata haijaanza kusinyaa, msikubali kwa bei yoyote. Kwa mlango wa nje huku kwetu lengeni 12 mpaka 15. Mafundi wengine wana kimashine cha kuchoma sindano mbili kwenye mbao kinasoma papo hapo, ni kizuri, wapime sehemu tatu nne. Mbao zilizokaushwa kwa tanuru zinapatikana kule kwenye viwanda vinavyozunguka msitu wa Sao Hill, Mafinga, hata paina, na kwa maoni yangu paina ya tanuru iliyopangwa vizuri inaushinda mninga uliokatwa mwezi uliopita.

Sasa wa chuma. Shemeji yuko sahihi kwamba hauvimbi. Lakini ile milango ya dukani mingi ni bati mbili nyembamba na katikati kuna karatasi iliyokunjwa vitundu vitundu au povu, ukiigonga katikati unasikia. Kuna mizito na mizuri, kuna mepesi kabisa, na rangi kwa nje ni ile ile. Kinachoiua huku ni kutu ya chini. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba joto la nje linashuka chini ya nyuzi 10, ndani mmelala watu wanne mnapumua, mmechemsha chai, ile hewa yenye mvuke ikigusa bati la baridi inageuka matone, yanatiririka mpaka kwenye kona ya chini yanakaa humo. Miaka michache rangi inaanza kutoa malengelenge. Mkichukua wa chuma chagueni wenye bati nene na povu ndani, chini pawe na vitundu vya kutolea maji, na kitasa kiwe cha silinda inayobadilishika kwa vipuri vya maduka ya mjini, maana watu wengi kitasa kikifa wanakosa cha kufanana wanaishia kuchomelea komeo juu ya mlango mzuri. Fremu yake nayo ni bati lenye uwazi, fundi aijaze zege nyepesi upande wa ukuta, wengi wanaacha tupu.

Tukirudi kwenye bati. Kabla ya kulipa mlango, pigeni kibaraza juu yake, hata cha bati mbili na mbao kikitoka nje mita moja na nusu, pembeni kizidi mlango angalau sentimita 50 kila upande kwa sababu mvua yenu inakuja ya kulala. Ukipiga hesabu ni sehemu ndogo ya bei ya mninga wa milango miwili, na kinaokoa mlango, kizingiti, plasta na sakafu ya sebule. Kizingiti kitelemke kuelekea nje, kidogo tu, maji yasipate pa kusimama. Chini ya mlango kwa nje apachike ubao mwembamba uliochongwa mteremko na mfereji kwa chini yake, matone yadondokee mbali. Alafu jambo ambalo mafundi karibu wote wanaliruka, ukingo wa juu na wa chini wa mlango lazima upigwe vanishi au rangi KABLA haujaning'inizwa, koti zile zile za usoni, nyuma na mbele sawa. Pale ndo zile mbao za kusimama zinaishia, mirija yake imefumuka, inanyonya maji kwa kasi kuliko kwingine kote. Ukitaka kujua kama fundi wako amefanya, pitisha kidole juu ya mlango, ukikuta mbao kavu yenye vumbi mrudishe. Mlango uliopakwa upande mmoja tu unapinda kwa sababu upande wa pili unaendelea kunywa na kutapika peke yake.

Baridi. Kiukweli unene wa mlango unachangia kidogo, kinachowatesa ni upenyo. Nafasi ya sentimita moja chini ya mlango wa sentimita 90 ni sawa na kutoboa ukuta tundu la sentimita 9 kwa 10, na mkaliacha wazi usiku kucha. Mpira wa kuzibia unaopachikwa chini ya mlango na ule wa kubandika kwenye fremu ni vitu vya bei ndogo, vinasaidia kuliko kutoka paina kwenda mninga. Ila kama nyumba haina dari, joto lote linapandia batini, mlango msiutwishe lawama hizo. Na hapa naomba mnisikilize vizuri wewe na shemeji. Huku tuna tabia ya kuingiza jiko la mkaa ndani baridi ikikaza. Nyumba yenye milango inayovuja ilikuwa inawasaidia bila ninyi kujua, mkiziba nyufa zote alafu mkaingiza jiko la mkaa, ile hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, inaua watu wamelala. Jiko likae nje, hata kama limeshakuwa majivu mekundu tu. Mtu akiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu kwenye chumba chenye jiko, wote watoke nje hapo hapo na waende hospitali.

Kwenye wizi nitakuwa mfupi. Mara nyingi mwizi hatoboi mlango, anavunja pale kitasa kinapoingia kwenye fremu, au anang'oa fremu nzima iliyoshikwa na misumari minne kwenye tofali za kuchoma. Kwaiyo hela ya usalama iwekeni kwenye fremu nzito, ishikwe na vyuma vilivyofukiwa kwenye ukuta angalau sehemu tatu kila upande, bamba la kitasa lifungwe kwa skrubu ndefu za inchi tatu, bawaba ziwe tatu za inchi nne. Mlango ufungukie ndani ili bawaba zisiwe nje. Milango miwili ni mizuri machoni ila ule mdogo unaoshikwa na komeo juu na chini ndo udhaifu wenyewe, na upenyo wa katikati unaingiza mvua na baridi, kwa upande unaopigwa upepo mimi siishauri kabisa. Mmoja wa futi tatu kwa saba unapitisha sofa, friji na kiti cha magurudumu. Mkiweka grili, ufunguo wake ukae ndani sehemu moja ambayo hata mtoto anaijua na nje hapafikiki, moto ukitokea usiku hakuna muda wa kutafuta.

Kwaiyo mimi ningekuwa hapo ningefanya hivi: kibaraza kwanza, kisha fremu ya mninga au mkongo maana fremu ndo inakaa karibu na maji na ni kazi kuibadilisha, alafu mlango mmoja wa paneli, unene usipungue inchi moja na nusu ukishapigwa randa, wa mninga mkavu kama hela inaruhusu, isiporuhusu wa paina ya tanuru na mwakani au mwaka unaofuata mkijaliwa mnabadilisha mlango bila kugusa fremu. Kama kibaraza hakiwezekani kabisa, hapo namuunga mkono shemeji, chukueni wa chuma mzito, na kila mwaka kabla ya Novemba kagueni kona za chini mpige rangi ya kuzuia kutu. Ile milango ya mbao za kusagwa na ngozi ya plaiwudi ni ya vyumbani, nje huku haimalizi misimu miwili ya mvua. Na kwa ndugu zetu wa Tukuyu wanaosoma hapa, kwenu mvua ni nyingi zaidi, kibaraza kwenu ni lazima. Mlango ukiwekwa kiangazi uachiwe nafasi ya milimita nne kila pembeni, ukiwekwa mvua zimekolea mbili zinatosha.

Kuna mambo siwezi kuyaona kwa maandishi. Kabla fremu haijasimama chunguzeni juu ya uwazi wa mlango, mkikuta ufa unaopanda mshazari kutoka kwenye kona, au lenta (ile boriti inayobeba ukuta juu ya mlango) ncha zake zimelala kwenye ukuta kwa kidogo sana, chini ya sentimita 15, muiteni injinia au fundi mkuu wa ujenzi aje aone kwa macho. Mkiona vichuguu vyembamba vya udongo vinapanda ukutani au kwenye fremu, huyo ni mchwa, mtafuteni mtu wa dawa za wadudu kabla ya seremala. Na mkishahamia, mlango ukibana wakati wa mvua na kuachia kiangazi ni mbao inapumua, fundi apunguze kidogo kwa randa mwezi wa tatu unyevu ukiwa juu kabisa, na apake tena vanishi pale alipokwangua. Ukizidi kubana mwaka mzima, kiangazi hakisaidii na nyufa zinaongezeka ukutani, msimruhusu mtu aukate mlango, hapo msingi ndo unatembea, hasa kama kiwanja ni mfinyanzi unaovimba, na anayetakiwa ni injinia. Mkishapata kipande cha mbao na namba zenu za mzani niandikie, pamoja na picha ya fremu ikiwa bado haijapakwa kitu.